Kupanga Miaka Kumi Mbele: Juu ya Koleji Zetu Zinazokua Katika Masisi na Walikale



Siku moja wakatekista wawili wa upande wa Omate walitufikia kiisha Misa, wenye vumbi mpaka magotini, na swali ambalo wakristu wenzao waliwatuma kutuuliza. Masomo ya kwao, yaliyoanza na vyumba viwili vya miti na udongo, yalikuwa sasa yamejaa. Wazazi wanaochimba zahabu walikuwa wanaleta minervali bila kusumbuliwa, na katika mkutano mtu mmoja alisimama akasema: kwa nini watoto wetu wakimaliza sekondari waende Goma ao Bukavu? Tufungue sisi wenyewe masomo makubwa, hapa hapa, mwezi wa kenda unaokuja. Watu wote walipiga makofi. Basi wakatekista walitaka kujua sisi tunaonaje.

Swali lao lilikuwa fupi. Jibu letu lilikuwa refu, na tunaogopa kwamba halikuwapendeza. Tunaliandika hapa, kwa maana wengi wenu mnaosoma makaratasi haya mtapewa siku moja kazi ya paroko, ya prefe ao ya ekonomo, na mtasikia makofi ya namna hii.

Kwanza tuondoe wazo moja ambalo tumelisikia hata kwa mapadri. Wanasema: kupanga sana mambo ya miaka inayokuja ni kukosa matumaini katika Mungu, na tena katika inchi ya vita kama yetu ni kujisumbua bure. Walio katika seminari kubwa watakumbuka kwamba Mtakatifu Tomaso anaweka providentia kati ya sehemu za fazila ya prudentia. Ni kusema, kutazama mbele na kuyaelekeza mambo ya leo kwa mwisho tunaoutaka si kumnyanganya Mungu kazi yake; ni kazi ambayo Yeye mwenyewe alimpa mtu mwenye akili. Na Injili inatuonyesha yule aliyetaka kujenga mnara, namna alivyopaswa kukaa chini kwanza na kuhesabu. Hakuambiwa asijenge. Aliambiwa ahesabu.

Lakini kuhesabu nini? Hapo ndipo shida inapoanza. Watu wengi wanafikiri mpango wa koleji ni orodha ya nyumba: mwaka huu vyumba vitatu, mwaka ujao ofisi, kiisha nyumba ya vitabu. Nyumba ni jambo jepesi kuliko yote. Tofali zinachomwa hata na wanafunzi, mbao tunazo katika pori, na kwa mabati daima tunapata mfazili. Inchi yetu imejaa nyumba nzuri za masomo zisizo na mwalimu.

Tutazame Lovanium. Mwaka wa 1954 Wabelgiji wa chuo kikuu cha Leuven walifungua chuo hiki juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na Leopoldville. Rekteri wake, Monsenyeri Luc Gillon, alikuwa mtu wa mipango mikubwa: mwaka wa 1959 chuo kilikuwa na mashini ya nguvu ya atomi, ya kwanza katika Afrika nzima. Inchi ile ile, ilipopata uhuru mwaka uliofuata, haikuwa hata na wanachuo makumi tatu waliomaliza masomo makubwa. Hatusemi haya kwa kuzarau. Lovanium iliwafundisha watu wengi wenye akili, na mwaka wa 1967 ilipata rekteri wa kwanza mkongomani, Padri Tharcisse Tshibangu, ambaye wote tunalijua jina lake kwa sababu ya teolojia ya kiafrika. Lakini mwaka wa 1971 Serikali ilikichukua chuo chote, ikakiunganisha na kile cha Kisangani na kile cha Lubumbashi kuwa chuo kimoja cha taifa. Kilima, nyumba, vitabu, mashini, vyote vilikwenda. Mwaka wa 1974 hata fakulte ya teolojia ilitolewa inje ya chuo cha taifa.

Na sasa angalieni jambo hili. Ile fakulte ya teolojia, iliyotolewa bila kilima na bila mashini, haikufa. Maaskofu waliishika mkononi, walimu wake walibaki pamoja, wakaendelea kufundisha. Mwaka wa 1987 ikawa Fakulte za Kikatoliki za Kinshasa, na tangu mwaka wa 2009 ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Kongo. Kilichookoka ni walimu, pamoja na wenye kujua sababu gani wanafundisha. Kwa maoni yetu, yeyote anayetaka kupanga koleji katika Masisi ao Walikale angekaa jioni moja na kufikiri juu ya jambo hili kabla ya kwenda kupima kiwanja.

Mfano wa pili uko karibu nasi, katika Kivu ya Kaskazini yenyewe. Mwaka wa 1989, wakati Serikali ya Zaire ilipokubali tena kuwe na vyuo vikuu visivyo vyake, Monsenyeri Emmanuel Kataliko, Askofu wa Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben katika Butembo. Mwaka huohuo Bukavu nayo ilipata chuo chake cha kikatoliki. Wakati ule Serikali ilikuwa imechoka, barabara zilikuwa zinaoza, na feza ya inchi ilikuwa inapoteza bei yake kila siku. Ni saa mbaya kabisa ya kuanza chuo kikuu, ungesema. Lakini Askofu alijua ana nini mkononi. Alikuwa na wachuuzi wa Butembo, watu wa biashara ya kahawa na ya vitu vya dukani, waliozoea kwenda Uganda na mbali zaidi, na waliozoea pia kutoa mchango kwa ajili ya barabara na kazi zingine za wote. Alikuwa na wazazi waliokuwa wamezoea kujenga masomo yao bila kungoja Kinshasa. Basi hakuanza kwa kuandika barua Ulaya. Alianza na wale aliokuwa nao.

Tena alichagua mafundisho yanayofuatana na inchi ile. Mlimani pale watu wanalima na kufuga, wanauza na kununua, wanagombania mashamba, wanaugua. Kwa hiyo chuo kikafundisha kazi ya shamba na udaktari wa nyama, ekonomia, sheria, na udaktari wa watu.

Kiisha likaja jaribu kubwa. Mwaka wa 1997 Monsenyeri Kataliko alitolewa Butembo, akafanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Mnajua yaliyofuata: mwanzoni mwa mwaka wa 2000 waasi waliokuwa wanatawala Bukavu walimfukuza kwa sababu ya barua na mahubiri yake, wakamrudisha Butembo kama mfungwa, aliruhusiwa kurudi mwezi wa kenda, na tarehe 4 ya mwezi wa kumi alikufa katika Roma. Mwanzilishi hayupo, vita vipo, na chuo cha Graben kinaendelea kufundisha hata leo. Masomo mangapi katika parokia zetu yangeweza kuvumilia tu paroko kubadilishwa? Tunajua masomo ambayo mpango wake wote ulikuwa katika kichwa cha padri mmoja na katika simu yake. Alipotumwa parokia ingine, mpango ulipanda naye pikipiki.

Kwa hiyo neno la kwanza la mpango wa koleji si feza wala nyumba, bali: nani atakuwa anaujua mpango huu, nasi tukiwa hatupo? Sharti uandikwe, kwa luga ambayo komite ya wazazi inaielewa (kifaransa kwa inspekteri, lakini kiswahili kwa wazazi), na sharti uwe na watu wasiopungua watano wanaoweza kuueleza bila kuusoma.

Turudi Omate. Pale, katika Walikale, zahabu ndiyo inayolipa minervali, inanunua chumvi, inaoza mabinti. Zahabu si kitu kibaya, na hatupendi mahubiri yanayowatukana wachimbaji, kana kwamba feza yao inanuka wakati wa kula lakini hainuki wakati wa kutoa sadaka. Lakini zahabu ina tabia yake. Mwezi wa kenda 2010 Rais wa Inchi alikataza kuchimba madini katika Kivu zote mbili na Maniema, na katazo hilo liliondolewa tu mwezi wa tatu 2011. Miezi sita. Ni kusema, katazo lilianza pamoja na mwaka wa masomo, likaondoka Pasaka ikikaribia. Na pale Bisie, katika teritwari hii hii ya Walikale, maelfu ya watu walikuwa wanachimba kasiteriti kwa mikono tangu karibu mwaka wa 2002. Ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya Kilambo kuja kuibeba. Leo mlima ule unachimbwa kwa mashini na kampuni ya Alphamin, iliyoanza kutoa kasiteriti mwaka wa 2019. Aliyejenga masomo yake juu ya wale wachimbaji wa mikono, alijenga juu ya watu walio safarini.

Tuweke hesabu, ya mfano tu, ili kila mmoja aone. Koleji ina wanafunzi 240, kila mmoja analipa dola 150 kwa mwaka: inaingia dola 36 000. Walimu 14, kila mmoja dola 150 kwa mwezi, kwa miezi 12: inatoka 25 200. Chaki, mafuta, matengenezo, safari za prefe, kodi na vitu vingine: 6 800. Inabaki 4 000. Kila mtu anaridhika, na komite inaanza kusema juu ya kufungua masomo makubwa. Sasa karieri inafungwa nusu mwaka. Watoto 80 ambao baba zao wanachimba hawawezi kulipa nusu ya pili: 80 mara 75, ni 6 000. Ile 4 000 imekwisha, na deni la 2 000 limeingia. Koleji haikufanya kosa lolote, haikuiba, haikupoteza. Ilikuwa na bajeti nzuri ya mwaka mmoja. Haikuwa na mpango wa miaka saba.

Tunasema saba makusudi, kwa maana tunamfikiri Yosefu katika Misri. Farao alipata ndoto, lakini mpango ulitoka kwa Yosefu: kuweka sehemu ya tano ya kila mavuno katika miaka ya shibe. Sisi hatuombi sehemu ya tano. Tukiweka sehemu ya kumi ya minervali, katika mfano wetu ni 3 600 kwa mwaka. Baada ya miaka mitano ni 18 000. Mishahara ya mwezi mmoja ni 2 100. Ni kusema koleji ile inaweza kuwalipa walimu wake wote zaidi ya miezi minane bila franga moja kuingia. Siku hiyo tu ndipo inaweza kuanza kuzungumza juu ya kupanuka.

Hapa tukiri kosa letu. Katika miaka yetu ya kwanza ya upadri tulipewa kuwa ekonomo wa masomo fulani. Mwaka wa pili ulikuwa mwaka wa shibe. Minervali iliingia yote. Sisi tukaona feza iliyobaki, tukanunua mabati kwa ajili ya vyumba vinne, watu wakatusifu, na picha zetu na mabati zilizunguka katika simu za wazazi wote. Mwaka uliofuata watu walikimbia vijiji vyao, wanafunzi wakapungua karibu nusu, na walimu walikaa miezi mitatu bila mshahara chini ya mabati mapya. Watatu kati yao, wazuri kuliko wote, walikwenda kutafuta kazi katika mashirika ya msaada, hawakurudi tena. Mabati bado yako pale. Tungeyabadilisha leo kwa wale watatu.

Na mwalimu ndiye anayechukua miaka mingi kuliko yote. Watu wanaotaka kufungua masomo makubwa mwezi wa kenda hawafikiri jambo hili. Kufatana na utaratibu mpya wa masomo makubwa ya inchi yetu, ule unaoitwa LMD, ulioanza katika mwaka wa masomo 2021-2022, kijana aliyemaliza sekondari anasoma miaka mitatu kwa licence, miwili kwa master, na kwa doktora mitatu kwa uchache. Jumla ni minane, kama hakugonjwa, kama hakukosa minervali, kama vita havikufunga barabara. Katika maisha ya kweli hesabuni kumi ao kumi na miwili. Basi kama koleji ya Walikale inataka kuwa na daktari wake mwenyewe wa sayansi ya shamba baada ya miaka kumi, sharti kijana huyo atumwe mwaka huu. Si kujenga auditorio mwaka huu. Kumtuma mtu mwaka huu. Na si mmoja. Tumeni watatu, maana mmoja ataoa Kinshasa na kubaki huko, mwingine atachukuliwa na siasa.

Tunajua watatuambia: kuna maprofesa wa kuzunguka, wanafika juma mbili, wanafundisha kutoka asubuhi mpaka usiku, wanafanyisha egzameni, wanarudi. Ni kweli, na vyuo vingi vya Kivu vinaishi hivyo. Lakini profesa wa namna hii anahitaji barabara. Kutoka Goma mpaka Walikale kwa gari, kupitia Sake na Masisi, kila mmoja wetu anajua maana yake wakati wa mvua, hata pasipo vizuizi. Chuo kilicho ndani ya Goma kinaweza kuishi na maprofesa wa kuzunguka. Chuo kilicho mwisho wa barabara mbovu hakiwezi. Ni kweli lile tuliloambiwa, kwamba mtoto wa Omate anastahili masomo sawa na mtoto wa Goma. Ndiyo sababu hatutaki apewe kivuli cha masomo.

Maana kuna ubaya unaopita kufunga mlango. Ni kumtolea kijana karatasi isiyotambulikana. Tulikutana na binti mmoja, wa kwanza wa kabila zima kwao kumaliza masomo makubwa. Mama yake aliuza mbuzi mpaka wa mwisho. Alipoomba kazi, waliangalia diploma yake, wakamwambia chuo kile hakikupata ruhusa ya Serikali katika miaka aliyosoma yeye. Waanzishi wa chuo kile hawakuwa wezi. Walifikiri ruhusa itakuja nyuma. Sheria juu ya elimu ya taifa ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inadai ruhusa itangulie, na inspekteri anakuja kuona walimu, nyumba na vitabu. Vilevile katika Kanisa: kanoni 803 na 808 zinakataza masomo ao chuo kikuu kujiita cha kikatoliki bila ruhusa ya mamlaka ya Kanisa. Mapadri wengine wanaziona ruhusa hizi kama mizigo ya ofisini. Binti yule angewaeleza vizuri kuliko sisi.

Je, ni kusema Omate isifikiri masomo makubwa kamwe? Hapana. Katika Nyegezi, karibu na Mwanza, Askofu Joseph Blomjous alianzisha mwaka wa 1960 kituo cha kufundisha watu kazi za maendeleo. Hakikuitwa chuo kikuu. Kilifundisha miaka 38. Kiisha, mwaka wa 1998, kilipewa kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agostino cha Tanzania, na matawi yake mengine, kama lile la Bugando na lile la Ruaha huko Iringa, yamekuwa baadaye vyuo vikuu vyenye kusimama peke yake. Na katika Uganda, Chuo Kikuu cha Wafia Dini kule Nkozi kilifungua mlango mwaka wa 1993 na wanafunzi 84 tu. Maaskofu wa inchi nzima walikuwa nyuma yake, na bado walianza na 84.

Kwa hiyo tuliwaambia wakatekista wetu: anzeni na kitu kimoja ambacho Goma haiwezi kuwafanyia vizuri kuliko ninyi. Pengine ni sehemu ya kazi ya shamba na ufugaji katika sekondari yenyewe, kwa maana zahabu itakwisha lakini udongo utabaki, na mihogo na mpunga vinapanda bei kila mara barabara inapofungwa. Lakini hata hapa muhesabu. Ukifungua sehemu mpya katika humanites, hufungui darasa moja, unafungua madarasa manne. Mwaka wa kwanza chumba kimoja na walimu watatu vinatosha, na kila mtu anasema kazi ni nyepesi. Mwaka wa pili wale watoto wanapanda na wengine wanaingia nyuma yao. Mwaka wa nne mnahitaji vyumba vinne, walimu saba ao nane, na egzameni ya Serikali inangoja. Tumeona masomo yanayofungua sehemu mpya kila mwaka ili kuvuta watoto wa jirani. Yanafanana na mtu anayeoa kila mwaka na kushangaa kwamba njaa imeingia nyumbani.

Juu ya uhusiano na Serikali tutasema kidogo tu. Baada ya kunyanganya masomo ya Kanisa mwaka wa 1974, Serikali iliyarudisha kwa mapatano ya tarehe 26 mwezi wa pili 1977. Ndipo tulipopata yale masomo tunayoyaita ya mapatano, yanayoongozwa na Kanisa na kulipwa na Serikali. Tangu 2019 primeri ya Serikali haitozi minervali. Koleji isiyo ya Serikali inaweza kupenda siku moja kuingia katika mapatano ili walimu walipwe na hazina. Ni mlango mzuri, lakini kati ya kuandikwa na kulipwa kuna walimu wetu waliongoja miaka, wakifundisha na tumbo tupu. Asiyeweka jambo hili katika hesabu yake atawakasirikia walimu bure.

Kiwanja ni jambo lingine. Mara nyingi mwami ao mkubwa wa kijiji anatoa kilima mbele ya watu wote, mbuzi anachinjwa, padri anabariki. Ni vizuri, na bila hiyo hakuna amani. Lakini kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 udongo wote ni wa Serikali, na haki ya kuutumia inaonyeshwa na karatasi ya uandikishaji, si na ukumbusho wa mbuzi. Katika Masisi, inchi iliyogombaniwa kwa ajili ya malisho na mashamba miaka mingi kuliko umri wetu, hatuhitaji kueleza zaidi. Kanoni 1284 inawaamuru wenye kutunza mali ya Kanisa kuilinda kwa njia zenye nguvu mbele ya sheria ya inchi. Piganieni karatasi hiyo kwanza, wakati koleji ingali ndogo na hakuna anayeionea wivu. Na muombe kiwanja cha kutosha miaka makumi tatu, si cha vyumba mlivyo navyo leo. Jirani akiisha kujenga, hamtapata tena uwanja hata wa mpira.

Vita hatuwezi kuvipanga, lakini tunaweza kupanga kwamba vitakuja. Mwezi wa kwanza 2025 Masisi na Goma ziliingia mikononi mwa M23. Mwezi wa tatu ilifika hata Walikale, kiisha ikatoka mwezi wa ine. Mabanki ya Goma yalifungwa. Koleji zilizokuwa na akiba yake yote katika banki moja ya Goma zilikuwa na akiba na hazikuwa nayo. Tangu hapo tunashauri akiba igawanywe katika miji miwili isiyo chini ya mkono mmoja, na sehemu ndogo ikae karibu. Na sehemu ingine isiwe feza hata kidogo, bali ngombe, miti iliyopandwa, mashini ya kusaga. Tena mkubaliane mapema na masomo ya parokia ingine, mbali, kwamba wakija wanafunzi wetu na walimu wao wamekimbia, watapewa vyumba kwa alasiri. Barua ya namna hiyo haiombi feza. Inaomba tu iandikwe kabla ya bunduki kulia.

Kanoni ile ile 1284 ina neno dogo ambalo wengi wetu tulilipita mbio katika masomo ya sheria ya Kanisa: karatasi zinazoonyesha haki ya Kanisa juu ya mali ziwekwe vizuri katika arkivu, na pale inapowezekana nakala za kweli ziwekwe pia katika arkivu ya kuria. Tena katika aya ya tatu inawashauri sana watunzaji kutengeneza kila mwaka hesabu ya yatakayoingia na yatakayotoka. Sisi tungeongeza: orodha za wanafunzi na matokeo ya egzameni vilevile, nakala moja kwa Askofu, moja katika mji mwingine, moja katika kumbukumbu ya simu za watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mtoto anayekimbia na godoro kichwani hawezi kubeba pia ushuhuda wa miaka mine ya masomo yake.

Tulipofika hapo tuliwauliza wakatekista wetu wa Omate: nani anayo karatasi ya kiwanja cha masomo yenu? Walitazamana. Mmoja alisema kwamba ilikuwa katika sanduku la mzee fulani wa komite. Tukauliza mzee yuko wapi. Alikuwa amekimbilia upande wa Kisangani, na hawakujua kama alibeba sanduku.